Amefanywa Chombo, na Nani? Jicho la Msomaji katika Rosa Mistika na Utengano



Kila mwisho wa muhula walimu wa fasihi hubeba mabunda ya karatasi za mtihani kwenda nazo nyumbani. Anayesahihisha swali la riwaya hachelewi kukutana na sentensi hii: mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe. Hufuata mfano mmoja, aghalabu Rosa wa Rosa Mistika au Maimuna wa Utengano, kisha mwanafunzi huendelea na hoja nyingine. Sentensi hiyo imo katika vijitabu vya miongozo vinavyotufikia kutoka Kenya na Tanzania, imo katika daftari za mihadhara yetu, na sina budi kukiri kwamba imo pia katika mwongozo wangu wa kusahihishia. Nimeipa alama mbili kwa miaka mingi bila kuiuliza swali lolote.

Makala hii inakusudia kuiuliza swali. Sisemi kwamba sentensi hiyo ni ya uongo. Ninachosema ni kwamba inatuonyesha mwili unaotazamwa na kulificha jicho linaloutazama. Tukilitafuta jicho hilo katika riwaya zetu, na hata katika mitaa ya Arua na Koboko, tutakuta jambo ambalo wengi wetu hatulipendi: jicho la anayemtamani mwanamke barabarani na jicho la anayemlinda kwa fimbo nyumbani mara nyingi ni jicho moja.

Ziara ya Koboko

Nianze na kisa changu mwenyewe, kwa kuwa si haki kuwakosoa Zakaria na Maksuudi kabla ya kujikosoa.

Muhula uliopita nilitumwa kuwakagua wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha wilayani Koboko. Niliondoka Arua na teksi ya alfajiri, mwendo wa kilomita 50 na ushei. Nilipofika steji ya Koboko nilimkuta mmoja wa wanafunzi wetu, binti mwenye bidii, naye anatafuta pikipiki ya kumpeleka shuleni. Vijana wa bodaboda walikuwa wameketi juu ya pikipiki zao. Mmoja akasema, bila kupunguza sauti: "Kile kifaa kimefika." Wenzake wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai na chapati kando yetu akatikisa kichwa, lakini hakuwageukia vijana. Alimgeukia binti: "Na wewe mwanangu, si ungejifunga kitenge?" Mimi nilinyamaza. Nilijiona mtu wa busara kwa kunyamaza.

Saa moja baadaye nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa la kidato cha pili, fomu ya ukaguzi magotini. Somo lilikuwa upatanisho wa ngeli ya A-WA. Walimu wenzangu wa hapa West Nile wanajua ugumu wake. Wanafunzi wetu hutoka katika Kilugbara, Kikakwa, Kiaringa na Kinubi. Kilugbara na Kinubi havina ngeli kama za Kiswahili, kwa hiyo mtoto husema "mwanamke ile" au "watu hizi" bila kukusudia dharau yoyote. Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Madamu, neno kijana lina ki-. Kwa nini hatusemi kijana kimefika?" Binti yetu akafikiri kidogo, kisha akasema: "Ile ki- ni vazi tu. Kitenzi hakiangalii vazi, kinaangalia aliye ndani. Ndani mna mtu, kwa hiyo tunasema amefika." Akaandika ubaoni: kijana amefika, kiongozi amefika, kipofu amefika. Darasa likacheka, kisha likaandika.

Nimefundisha kanuni hiyo kwa miaka mingi, na sijapata kusikia ikielezwa kwa wepesi namna ile. Je, niliandika nini katika fomu? Kwenye nafasi ya somo niliandika maneno mawili: "Limefundishwa vizuri." Kwenye nafasi ya mwonekano niliandika mistari mitatu kuhusu sketi yake, ambayo kwa kweli ilikuwa imefunika magoti. Alipoisoma fomu ili aitie sahihi, aliniuliza kwa adabu: "Mwalimu, na somo je?" Nikamjibu kwamba ninamlinda kama binti yangu. Akatia sahihi.

Njiani kurudi Arua ndipo nilipotambua kuwa asubuhi ile watu watatu tulikuwa tumemtazama binti mmoja: kijana wa bodaboda, mama wa chai na mimi. Kila mmoja wetu alikuwa na nia yake. Lakini sote watatu tuliishia kwenye sketi, na hakuna aliyefika kwa mwalimu.

Sarufi ya chombo

Kanuni aliyoieleza mwanafunzi wetu inastahili kuangaliwa kwa makini, maana ni fahari ya lugha yetu. Kiswahili kinaruhusu jina la mtu livae kiambishi cha vitu: kijana, kiongozi, kipofu, kiziwi, kinyozi. Hata maneno ya kusifia urembo, kama vile kimwana, kidosho na kisura, yamevaa ki- hiyohiyo. Hata hivyo, sentensi inapoanza kutembea, kitenzi humrudishia mtu heshima yake: kiziwi amesikia habari, kimwana ameondoka. Vitu hubaki na upatanisho wao: kisu kimepotea, chombo kimezama.

Kwa hiyo kijana wa steji anaposema "kile kimefika", halinganishwi na mtoto wa kidato cha pili asemaye "mwanamke ile". Mtoto hajaijua kanuni. Kijana wa steji anaijua. Akimwona kiongozi wa chama hasemi "kile kiongozi kimefika", anasema "yule amefika". Kwa mwanamke anaivunja kanuni makusudi, na kicheko cha wenzake kinatoka katika uvunjaji huo. Amemtoa mtu katika A-WA na kumweka pamoja na visu na vikombe. Maneno mengine ya mitaani kama "mzigo" na "kifaa" hufanya kazi hiyohiyo.

Sasa tuirudie sentensi ya mtihani. Chombo ni jina la ngeli ya KI-VI. Aidha, "amechorwa" na "amefanywa" ni vitenzi vya kauli ya kutendwa. Sote tunafundisha kuwa kauli hiyo humruhusu msemaji kumwacha mtenda. Ukisema "mlango umevunjwa", huhitaji kumtaja mvunjaji. Ndivyo ilivyo kwa mwanamke wa karatasi za mtihani: amefanywa chombo, na mtenda hayupo. Lugha imetupa neno moja fupi la kumrudisha, nalo ni "na". Amefanywa chombo na nani? Mwanafunzi asipojibu swali hilo, atakuwa amerudia kitendo kilekile anacholaani. Amemweka Rosa miongoni mwa vyombo, akachukua alama zake mbili, akaenda zake.

Wanasaikolojia wanasema nini?

Kwa nini mtu mwenye akili timamu, aliyelelewa na mama na pengine ana dada, amwone mwanamke kama kitu? Wengi wetu hujibu kwa neno moja: tamaa. Jibu hilo halitoshi. Mtu anaweza kumtamani mwenzake huku akitaka kujua anafikiri nini, anapenda nini, na kama naye anamtaka. Mapenzi mengi mazuri ndivyo yalivyo. Kumfanya mtu kitu ni jambo tofauti.

Mwanafalsafa wa Marekani Martha Nussbaum, katika makala aliyochapisha mwaka 1995, alitaja njia saba ambazo mtu hutendewa kama kitu. Kwanza, hutumiwa kama zana ya kumfikisha mwingine anakotaka. Pili, hunyimwa hiari ya kujiamulia. Tatu, huonekana kama asiyeweza kutenda lolote. Nne, huonekana kuwa anaweza kubadilishwa na mwingine wa aina yake. Tano, mipaka ya mwili wake huonekana kuwa ya kuvunjwa. Sita, huonekana kuwa ni mali ya kumilikiwa, kuuzwa na kununuliwa. Saba, mawazo na hisia zake hazihesabiwi. Naomba msomaji aitazame orodha hiyo tena na kuona kwamba tamaa si lazima iwepo ndani yake. Baba anayemmiliki binti yake na kumnyima hiari amekwisha ingia katika orodha hiyo bila kumtamani hata kidogo.

Wanasaikolojia nao wamejaribu kupima jambo hili. Sarah Gervais na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti ambamo watu walionyeshwa picha za miili. Watafitiwa walivitambua viungo vya mwili wa mwanamke kwa urahisi zaidi vilipoonyeshwa peke yake kuliko vilipokuwa sehemu ya mwili mzima. Kwa mwili wa mwanamume hali ilikuwa kinyume. Yaani, jicho lilimsoma mwanamume kama sentensi nzima, na mwanamke likamsoma silabi kwa silabi. Mambo mawili katika utafiti huo yanatuhusu sana. La kwanza, wanawake waliotafitiwa walitazama vivyo hivyo kama wanaume. La pili, watafitiwa walipozoezwa kwanza kutazama mambo kwa ujumla wake, tofauti hiyo ilipungua. Kwa maneno mengine, ni mazoea ya jicho, na mazoea hubadilika. Mama wa chai pale Koboko hakuwa mtu mbaya. Jicho lake lilikuwa limefundishwa na mji uleule uliowafundisha vijana wa bodaboda.

Mwaka 2011 Kurt Gray na wenzake walionyesha jambo la ajabu kidogo. Watu wakielekezwa kuuangalia mwili wa mtu, awe mwanamke au mwanamume, humwona kuwa ana uwezo mdogo zaidi wa kufikiri na kupanga, lakini humwona kuwa ana uwezo mkubwa zaidi wa kuhisi, kama vile maumivu na raha. Nadhani hapa ndipo mlinzi anapozaliwa. Mtu anayeonekana kuwa ana hisia nyingi na akili chache ni mtu wa kuhurumiwa na kufungiwa mlango. Hapo huruma na dharau zinatoka chungu kimoja.

Kuna na cheo. Deborah Gruenfeld na wenzake walichapisha mwaka 2008 tafiti zilizoonyesha kwamba mtu akiwa na mamlaka, au akikumbushwa tu wakati alipokuwa nayo, huwa na mwelekeo wa kuwathamini wengine kwa kadiri wanavyomfaa kufikia malengo yake. Kwa hiyo tusimtafute mtenda steji peke yake. Tumtafute pia ofisini, chuoni na kwenye fomu ya ukaguzi.

Mwisho, Barbara Fredrickson na Tomi-Ann Roberts, katika nadharia yao ya mwaka 1997, walieleza kwamba msichana anayetazamwa hivyo kila siku hatimaye hulichukua jicho la mtazamaji na kulitia ndani yake. Huanza kujitazama kutoka nje. Katika jaribio lililochapishwa mwaka uliofuata, wanafunzi wa kike waliojaribishwa vazi la kuogelea walifanya vibaya zaidi mtihani wa hesabu kuliko wenzao waliojaribishwa sweta. Kwa wanaume tofauti hiyo haikuonekana. Sehemu ya akili ilikuwa imeachiwa kazi ya kulinda mwonekano.

Watafitiwa wengi wa kazi hizi walikuwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani. Msomaji ana haki ya kuuliza kama matokeo yake yanatufaa sisi wa Afrika Mashariki. Hapo ndipo riwaya zetu zinapotusaidia, maana waandishi wetu walikuwa wamekwisha liona jicho hili kabla ya tafiti hizo.

Zakaria na Maksuudi

Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyefariki Januari 2020, alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni kwa sababu ilizungumza waziwazi mambo ya ngono. Miongozo mingi humtaja Rosa kama chombo cha starehe kwa kuangalia maisha yake ya baadaye, alipokuwa na wanaume wengi. Lakini msomaji akiwa mwangalifu ataona kwamba Rosa alifanywa kitu mapema zaidi, siku baba yake Zakaria alipomchapa vibaya kwa sababu ya barua kutoka kwa Charles.

Katika tukio lile hakuna tamaa. Pana baba anayejiona kuwa analinda. Lakini anacholinda ni nini? Zakaria hamwulizi Rosa anamwonaje Charles, wala anataka nini maishani. Mawazo ya Rosa hayahesabiwi. Kinachohesabiwa ni mwili wake, kama ng'ombe ambaye jirani amejaribu kumfungua kamba. Katika orodha ya Nussbaum, Zakaria amepita njia ya pili, ya sita na ya saba kwa fimbo moja.

Rosa anaondoka nyumbani akiwa amefundishwa somo moja tu: kwamba yeye ni mwili wenye hatari. Mwanzoni anawaogopa wavulana. Baadaye hofu hiyo inageuka kuwa kinyume chake. Anapofika chuo cha ualimu Morogoro anakutana na mkuu wa chuo anayewatumia wanachuo wake. Hapo kuna cheo na jicho lile la Gruenfeld. Na mwishoni anarudi Charles, mwenye barua ya kwanza, ambaye anataka mke bikira, na anapogundua kwamba Rosa si bikira anamwacha, kama mnunuzi anayerudisha dukani bidhaa iliyokwisha funguliwa. Rosa anajiua. Baba aliyemlinda, mkuu wa chuo aliyemtumia na mchumba aliyemkataa hawakukaa kikao kimoja, ila wote walimpima kwa kipimo kimoja.

Said Ahmed Mohamed katika Utengano, iliyochapishwa mwaka 1980, aliyaweka macho hayo mawili katika kichwa cha mtu mmoja. Bwana Maksuudi ni tajiri mwenye jina. Nyumbani amemfungia binti yake Maimuna asitoke wala asionekane. Nje, anajistarehesha na wanawake wengine, Kazija akiwa mmoja wao. Wanafunzi wangu hupenda kuuita huo unafiki. Mimi nilikuwa nikikubali. Siku hizi naona kuwa neno unafiki linamwonea huruma Maksuudi, maana mnafiki ni mtu mwenye nyuso mbili. Maksuudi ana uso mmoja. Anajua anavyowatazama wanawake wa nje, naye anaamini kwamba wanaume wote hutazama hivyo, kwa hiyo anamfungia wake. Kufuli ya nyumbani ni ushahidi wa tabia ya nje.

Maimuna anapotoka katika kifungo hicho anaangukia nyumbani kwa Mama Jeni, ambako mwili ni biashara. Msomaji asisahau kwamba Mama Jeni ni mwanamke. Jicho hili halina jinsia. Na binti aliyelelewa nyuma ya kufuli hakupewa kitu cha kujitetea nacho, kwa sababu hakupata kufundishwa kwamba ana kitu kingine zaidi ya kile kilichokuwa kikifungiwa.

Kwa upande wake, Kazija huwekwa na miongozo mingi katika kapu moja na Maimuna: chombo cha starehe. Lakini Kazija anapanga, anamtegea Maksuudi mtego na kumwaibisha. Analijua jicho la Maksuudi na analitumia dhidi yake. Je, chombo hupanga? Mwanafunzi anayemwita Kazija chombo amemwona kama Maksuudi alivyomwona. Maksuudi naye alikosea, na kosa hilo lilimgharimu.

Walinzi wa barabarani

Jicho la Zakaria halikubaki riwayani. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na mavazi mengine yaliyoonekana kuwa ya kigeni. Utekelezaji ulikuwa uanze Januari 1969. Kabla hata ya siku hiyo vijana jijini Dar es Salaam walikuwa wamekwisha washambulia wanawake Kariakoo na kwenye mabasi. Hapa kwetu, serikali ya Idi Amin, ambaye ukoo wake wa Kikakwa ni wa Koboko, ilipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972. Serikali hiyohiyo mwaka 1973 ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Sisi walimu wa Kiswahili hulikumbuka la pili kwa furaha, na si vibaya tukilikumbuka na la kwanza.

Februari 2014 Rais Museveni alitia sahihi sheria dhidi ya picha na maonyesho ya ngono. Sheria hiyo haikutaja sketi fupi. Pamoja na hayo, watu waliipa jina la sheria ya sketi fupi, na siku chache baadaye wanawake wakavuliwa nguo hadharani na makundi ya wanaume, hadi polisi wakalazimika kuuonya umma. Mwezi Novemba mwaka huohuo wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo kwenye kituo cha magari, na Desemba Kenya ikafanya kitendo hicho kuwa kosa la jinai. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilibatilisha vifungu vya msingi vya ile sheria ya 2014.

Nani anaweza kueleza kwa mantiki ya kawaida jinsi mtu anavyolinda heshima ya mwanamke kwa kumvua nguo barabarani? Kwa mantiki ya kawaida haiwezekani. Kwa mantiki ya chombo inawezekana, kwa kuwa chombo hakina aibu yake chenyewe, aibu ni ya wenye chombo.

Msomaji akidhani kuwa mlinzi na muuzaji ni maadui, na akumbuke Februari 2019. Waziri wetu mdogo wa utalii, Godfrey Kiwanda, alizindua mashindano ya Miss Curvy, akieleza kuwa wanawake wenye maumbo yaliyojaa wanaweza kuwa kivutio cha watalii. Wanawake wengi walipinga vikali kuwekwa katika orodha moja na sokwe na maporomoko ya maji. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu serikali hiyohiyo ilipopitisha sheria ya kuuficha mwili huo. Wakati mmoja mwili ni wa kufunikwa, wakati mwingine ni wa kutangazwa, na mara zote mbili mwenye mwili hakuulizwa.

Hoja za upinzani

Najua zipo hoja mbili nitakazokutana nazo chumba cha walimu. Ya kwanza ni ya stara. West Nile ni nchi ya watu wa dini, Waislamu na Wakristo, na stara ni mila yetu. Sina ugomvi na stara. Lakini wenye kusoma Sura ya An-Nur wanajua kuwa aya ya 30, inayowaamuru waumini wanaume wainamishe macho yao, inatangulia aya ya 31 inayozungumza na wanawake. Na wenye kusoma Injili ya Mathayo, sura ya 5, wanajua kuwa lawama ya kutazama kwa tamaa imewekwa kwenye jicho la mtazamaji. Vitabu vyote viwili vimeanza na jicho. Sisi tumezoea kuanza na sketi.

Hoja ya pili ni kwamba dunia ina hatari, na mzazi asiyelinda ni mpumbavu. Kweli. Nami nina binti, na bado nitataka kujua yuko wapi usiku. Lakini kuna tofauti kati ya kumlinda mtu na kulinda kitu. Anayelinda mtu humwuliza anaona nini, anaogopa nani, anahitaji msaada gani, kisha huenda kumkabili yule anayemtishia. Anayelinda kitu hukitia kufuli. Siku ile steji, kama ningekuwa nalinda mtu, ningezungumza na vijana wale. Wengi wao wangenisikiliza, maana huniita Mwalimu.

Hitimisho na mapendekezo

Natoa mapendekezo matatu kwa idara yetu. Kwanza, tuache kutunga swali lisemalo, "Jadili jinsi mwanamke alivyochorwa kama chombo cha starehe." Badala yake tuulize: "Ni nani wanaomfanya Rosa kuwa chombo, kila mmoja kwa njia gani, na Rosa mwenyewe anafikiri nini?" Swali hili linamrudisha mtenda na linamrudishia Rosa akili yake. Pili, tunapofundisha ngeli ya A-WA tuitumie nafasi hiyo kuzungumza na wanafunzi, wavulana na wasichana, juu ya "kile kimefika" ya mitaani. Sarufi itaeleweka vizuri zaidi, na huenda steji zetu zikasikia. Tatu, katika fomu ya mazoezi ya kufundisha nafasi ya mwonekano ipunguzwe iwe mstari mmoja, na nafasi ya somo iongezwe.

Fomu ya Koboko ilikwisha pelekwa na haikuweza kubadilishwa. Nilimwita mwanafunzi wetu ofisini nikamwomba radhi, kisha nikamwomba ruhusa ya kuitumia kanuni yake katika mihadhara yangu ya mofolojia. Alinikubalia, akaongeza kwamba kijana aliyeuliza swali lile alipata alama zote katika zoezi la ngeli. Hilo nalo sikuwa nimeliandika popote. Naliandika hapa.